Mvua Ikikosa, Nani Huacha Shule?

Yako mambo mawili yanayosemwa sana siku hizi katika mikutano na mabaraza. La kwanza ni kwamba tabianchi inabadilika: mvua haziji kwa majira yake, na zikija huja kwa ghadhabu. La pili ni kwamba wasichana wapewe elimu sawa na wavulana. Watu wengi huyasikia mambo haya kama habari mbili zisizojuana. Ile ya kwanza huwaachia mabwana shamba na wataalamu wa hali ya hewa. Ile ya pili huwaachia walimu na akina mama. Na akitokea mtu akasema kwamba dawati la msichana lina uhusiano na mawingu ya mvua, wapo watakaomcheka.

Sisi twaona kwamba habari hizi ni kama kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Katika somo la juma hili twataka kuzifungua polepole, tuone moja yaingiaje katika nyingine. Tutauliza maswali matatu. Ukame na mafuriko yafanya nini juu ya elimu ya msichana? Elimu ya msichana yafanya nini juu ya ukame na mafuriko? Na la tatu, ambalo mara nyingi halisemwi: ni kwa sababu gani hasa yatupasa kumsomesha?

Hali ilivyo

Tuanze na yale yanayojulikana. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo watoto wetu huichora katika madaftari yao, imepungua mno: tangu mwaka 1912 hata 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, kusini ya Ethiopia na Somalia zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Mwezi wa Septemba 2021 Serikali ya Kenya iliutangaza ukame huo kuwa janga la taifa, na kabla haujakwisha mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika nchi hiyo peke yake. Wataalamu wa mataifa mbalimbali waliouchunguza walieleza mwaka 2023 kwamba joto lililoongezwa duniani na kazi za wanadamu liliufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea mara 100 kuliko ambavyo ungekuwa.

Kisha mambo yakageuka. Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Masika ya 2024 yakaleta mafuriko Kenya na Tanzania. Huko Rufiji maji yalifunika nyumba na mashamba. Watu wale wale waliokuwa wakiomba mvua jana, leo wakawa wanaikimbia.

Chanzo chake kinajulikana. Ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi yanayochomwa katika viwanda, magari na mitambo ya umeme, pamoja na kukatwa kwa misitu. Hewa ya ukaa inayotoka humo huifunika dunia kama blanketi, joto likazuiliwa lisitoke. Katika moshi huo wa dunia nzima, sehemu itokayo Afrika haifiki asilimia 4 kwa mwaka, hali zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita duniani ni Mwafrika. Msomaji aliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Njia ya kwanza: toka kisimani hata darasani

Twende sasa nyumbani kwa mkulima au mfugaji wakati kisima cha karibu kimekauka. Maji hayana budi kupatikana. Hakuna awezaye kubishana na kiu. Nani atakwenda kuyatafuta? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kwamba, duniani kote, katika kila nyumba kumi zisizo na maji uani, nyumba saba huwategemea wanawake na wasichana kwenda kuyateka. Kwa hiyo maji yanaposogea mbali, hayasogei mbali na watu wote kwa kipimo kimoja. Yanasogea mbali na mama na binti yake. Ndivyo ilivyo na kuni: msitu ukirudi nyuma, anayeufuata ni yule yule.

Tena jambo hili halitendeki kwa tangazo. Hakuna baba anayesimama mbele ya jamaa yake na kusema, “Leo namwondoa binti yangu shuleni kwa sababu ya ukame.” La. Kwanza binti huchelewa, kwa kuwa foleni ya kisimani ilikuwa ndefu, na mwalimu humkaripia. Kisha hukosa siku moja katika juma, kisha mbili. Akifika darasani husinzia. Hesabu zampita, mtihani wamshinda, na mwisho wa mwaka watu wazima huambiana kwamba mtoto huyu hana kichwa cha shule. Hivyo ndoo na mzigo wa kuni ndivyo vilivyomtoa, lakini lawama imeandikwa juu ya akili yake.

Baada ya maji huja fedha. Mavuno yakipotea, hakuna cha kuuza. Hata pale ambapo serikali imefuta ada, sare hununuliwa, daftari hununuliwa, viatu hununuliwa, na mtoto aliye shuleni mchana kutwa hafanyi kibarua. Nyumba yenye watoto wawili na fedha ya mmoja hulazimika kuchagua. Je, huchagua vipi?

Jambo hili limepimwa. Mtaalamu wa uchumi kutoka Sweden, Martina Björkman-Nyqvist, alilinganisha kumbukumbu za mvua za wilaya za Uganda na hesabu za watoto walioandikishwa katika shule za msingi, akachapisha matokeo yake mwaka 2013. Aliona kwamba mvua zilipopungua, na pamoja nazo mapato ya nyumba, wasichana walipungua shuleni waziwazi. Na kadiri msichana alivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyozidi kuathirika. Kwa wavulana badiliko lilikuwa dogo. Katika alama za mitihani pia watoto walishuka, na wasichana ndio walioshuka zaidi.

Tuyafikiri vema matokeo hayo, maana ndiyo kiini cha somo letu. Wingu halijui mvulana wala msichana. Mvua iliyokosekana ilikosekana kwa shamba zima, na njaa iliingia kwa mlango mmoja. Mbingu haikuchagua nani aache shule. Aliyechagua ni mtu, ndani ya nyumba, na mara nyingi alichagua bila kujua kwamba anachagua.

Hatari kubwa kuliko zote huja pale mifugo inapokufa. UNICEF ilieleza mwaka 2022 kwamba katika mikoa ya Ethiopia iliyopigwa zaidi na ukame, ndoa za watoto ziliongezeka zaidi ya mara mbili kwa muda wa mwaka mmoja. Sababu zake si fumbo. Nyumba imepoteza ng'ombe na ngamia. Mahari huleta mifugo au fedha. Na binti akiolewa, chungu hupunguziwa mlaji mmoja. Huenda baba mwenyewe akadhani kwamba anamwokoa mtoto wake na njaa kwa kumpeleka penye chakula. Hatumwiti mtu huyo mnyama. Lakini yatupasa kuliita jambo lenyewe kwa jina lake: ni deni la ukame linalolipwa kwa maisha ya mtoto ambaye hakukopa kitu.

Njia ya pili: toka darasani hata shambani

Hapa yupo atakayesema, “Ni huzuni, lakini ni huzuni ya msichana mwenyewe. Ukame utapita, na nyumba itasimama tena.” Sisi twasema sivyo. Msichana akiacha shule, nyumba nzima, na ile atakayoijenga kesho, huwa dhaifu zaidi mbele ya ukame ujao.

Tumwangalie anayelima. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2011 kwamba, katika Afrika kusini ya Sahara, wanawake ni karibu nusu ya nguvu ya kazi ya kilimo. Lilikadiria pia kwamba kama wanawake wa nchi zinazoendelea wangepata zana, mbegu, mikopo na mafunzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hata 30. Ardhi ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichopungua ni kile ambacho mikono hiyo imenyimwa.

Sasa tufikiri kazi ya mkulima katika majira yasiyoaminika. Zamani bibi alijua mwezi wa kupanda kwa kutazama miti na ndege, na ujuzi wake ulikuwa wa kweli. Lakini ishara za zamani zinapoanza kudanganya, mkulima hana budi kuziongezea ishara nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya vuli na kabla ya masika: ni lazima mtu ausome na kuuelewa, ajue tofauti ya mvua za chini ya wastani na mvua zisizokuja kabisa. Ni lazima achague kati ya mahindi na mtama, kati ya mbegu ya muda mrefu na mbegu ya muda mfupi. Apime mbolea. Atunze hesabu ya ghala, ajue chakula kitafika mwezi gani. Achemshe au atibu maji baada ya mafuriko ili kipindupindu kisiingie. Asimame katika mkutano wa kijiji na kudai kwamba chanzo cha maji kilindwe. Yote haya ni kazi za mtu aliyejifunza kusoma, kuhesabu na kusema mbele ya watu. Twamtoa binti shuleni kwa sababu ya ukame, kumbe yeye ndiye tuliyekuwa tukimhitaji kwa ukame wa baadaye!

Tukitaka ushahidi mpana zaidi, tuitazame nchi ya mbali kidogo, ambayo maafa ya hewa imeyajua kuliko nyingi. Bangladesh ni nchi tambarare iliyo mdomoni mwa mito mikubwa, na vimbunga huipiga kutoka baharini. Mwaka 1970, ilipokuwa bado Pakistan ya Mashariki, kimbunga kimoja kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1991 kingine kiliua watu 140,000 hivi, na wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume. Waliochunguza walieleza kwa nini: wengine hawakupata habari za onyo kwa wakati; wengine walibaki nyumbani wakilinda watoto na mali, au wakingoja ruhusa ya mume aliyekuwa safarini; wengine waliogopa kuingia katika makimbilio yaliyosongamana wanaume.

Tangu hapo nchi hiyo ilifanya mambo mengi kwa pamoja. Ilijenga makimbilio mengi ya saruji yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na mengi ya hayo ni shule: siku za amani watoto husomea humo, na siku ya kimbunga kijiji kizima hukimbilia humo. Ilieneza jeshi la watu wa kujitolea, wanaume na wanawake, wanaopita nyumba kwa nyumba kutoa onyo. Na tangu mwaka 1994 ilianza kuwalipa posho ya masomo wasichana wa sekondari za vijijini, kwa sharti wahudhurie shule na wasiolewe kabla ya wakati. Wasichana wakaongezeka madarasani hata wakawafikia wavulana. Kimbunga kikubwa cha 2007 kiliua watu 3,400 hivi. Kile cha 2020 kiliua wasiofika mia moja katika nchi hiyo, baada ya watu zaidi ya milioni 2 kuhamishwa mapema.

Hatusemi kwamba posho ya wasichana peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Vimbunga havikuwa vya nguvu moja, na onyo la redio na kuta za saruji vimeokoa wengi. Lakini onyo huhitaji mtu wa kulielewa, na kimbilio huhitaji mama aliye na uhuru wa kuondoka nyumbani bila kungoja. Wataalamu Erich Striessnig, Wolfgang Lutz na Anthony Patt walizilinganisha nchi 125 kwa miaka ya 1980 hata 2010, wakaona kwamba elimu ya wanawake inaambatana sana na kupungua kwa vifo vya maafa ya hewa. Waliyoyaona Bangladesh si ajabu ya nchi moja.

Mfano wa nyumbani

Tunao mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1940, katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri, alizaliwa mtoto wa kike, Wangari. Kaka zake walipelekwa shule. Yeye alikuwa nyumbani akimsaidia mama yake, kama ilivyokuwa desturi. Siku moja kaka yake alimwuliza mama kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaona kwamba hakuna sababu ya kutosha, na binti akapelekwa. Kutoka shule ya kijiji alikwenda kusoma kwa masista katika misheni ya Mathari, kisha Loreto Limuru, kisha Marekani, ambako alipata shahada ya sayansi ya viumbe hai mwaka 1964. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari.

Elimu hiyo aliifanyia nini? Aliwasikiliza wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba kuni ziko mbali, vijito vimekauka na chakula hakitoshi. Watu wengi walikuwa wameyasikia malalamiko hayo kama mambo matatu. Yeye, kwa kuwa alijua miti, udongo na maji vinavyotegemeana, aliyasikia kama jambo moja. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake wakafundishwa kuotesha miche na wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Hata alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Profesa Wangari Maathai alifariki mwaka 2011.

Msomaji afikiri: kazi hiyo yote ilisimama juu ya swali moja la mtoto wa kiume kwa mama yake. Swali hilo lingeweza kabisa kutoulizwa. Je, ni akina Wangari wangapi ambao kaka zao hawakuuliza?

Sababu iliyo ya haki

Sasa twafika kwenye swali la tatu, na hapa twawaomba wasomaji watuvumilie, maana twataka kutofautiana na baadhi ya watu wenye nia njema. Wako wasemao, “Wasomesheni wasichana, kwa kuwa msichana aliyesoma huzaa watoto wachache, na watu wakiwa wachache moshi utapungua.” Kwamba wanawake waliosoma miaka mingi kwa kawaida huolewa baadaye na huzaa watoto wachache zaidi, ni kweli inayojulikana, wala hatuikatai. Lakini kuifanya hiyo kuwa sababu ya kumsomesha msichana wa Kiafrika, twaona ni kosa mara mbili.

Kwanza ni kosa la hesabu. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hutoa hewa ya ukaa isiyofika nusu tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Msichana anayebeba kuni Turkana au Kongwa siye aliyeipasha dunia moto. Kumwambia kwamba dawa ya joto imo katika tumbo lake ni kumtwika mzigo wa watu wengine, juu ya mzigo wa kuni alio nao tayari.

Pili ni kosa la heshima. Mtu hasomeshwi kama vile jembe linavyonolewa, kwa ajili ya kazi ya mwingine. Msichana ana akili, nayo ni yake; haki ya elimu ilitangazwa mwaka 1948 katika Tamko la Haki za Binadamu kuwa ya kila mtu, wala haikuandikwa kwamba ni kwa masharti ya hali ya hewa. Tukimsomesha kwa sababu ya moshi tu, siku moshi utakapopata dawa nyingine tutamrudisha kisimani. Lakini tukimsomesha kwa sababu ni mtu sawa na kaka yake, haki hiyo haitabadilika kwa masika wala kiangazi. Faida kwa shamba, kwa kijiji na kwa miti itafuata, kama kivuli kinavyomfuata mtembeaji. Hakuna asafiriye kwa ajili ya kivuli chake.

Yatupasayo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuseme basi yaliyo katika uwezo wetu, tukianza nyumbani.

Nyumbani, ndoo haimchagui mbebaji. Mvulana mwenye miaka kumi na miwili ana shingo na mikono kama dada yake. Wakigawana safari za maji, wote wawili watafika shuleni kabla ya kengele. Jambo hili halihitaji mfadhili, wala halihitaji sheria. Lahitaji baba mmoja aseme neno moja jioni, na kulishika kesho yake. Kadhalika jiko linalotumia kuni chache, au gesi kwa awezaye, ni kifaa cha elimu kama vile kitabu. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni vema wazazi waufuatilie na kuuliza umefika wapi kijijini kwao.

Shuleni, tuyatazame mapaa. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya meta moja ya mraba ya bati huleta lita moja ya maji. Tuchukue jengo la madarasa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8: bati lake lina meta za mraba 160. Penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, kiasi cha mahali pakavu, bati hilo hupokea lita 80,000. Tuseme sehemu moja ya tano hupotea njiani. Zabaki lita 64,000. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 3,200. Ni safari 3,200 za kisimani ambazo hakuna mtoto atakayezifanya, kama tu mifereji imewekwa na tangi limejengwa. Maji hayo yatawasaidia pia wasichana wakubwa, ambao wengi hukosa siku kadhaa kila mwezi kwa kuwa shule haina maji wala choo cha staha. Na mwalimu wa sayansi asiwaweke wasichana kando ya somo la jografia na kilimo. Wao ndio watakaolitumia kwanza.

Kwa viongozi, neno letu ni kwamba ukame utazamwe kuwa pia ni hatari ya shule. Palipo na njaa, chakula cha mchana shuleni humbakiza mtoto darasani, kwa kuwa mzazi aliyeshindwa kulisha ataona kwamba shule inalisha. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliwafungulia mlango wa kurudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na wasichana waliopata mimba. Mlango huo utumike. Maana mlango ulio wazi, wasioambiwa kwamba u wazi, ni sawa na ukuta. Tena Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha mwaka 2019 hukumu ya kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba. Hukumu hiyo na ijulikane katika kila kijiji, hasa kule ambako ng'ombe wamekufa.

Hatuwakaripii maskini. Baba ambaye kisima chake kimekauka, na mama ambaye ghala lake ni tupu, hawakuanzisha jambo hili. Ndiyo maana hatusemi kwamba mzigo wote uwe juu ya nyumba zao. Nchi zilizoipasha dunia joto zina deni, na viongozi wetu wana haki ya kulidai katika mikutano ya mataifa. Lakini wakati deni hilo linadaiwa, mtoto wa darasa la sita hangoji. Mwaka wake wa darasa la sita ni mmoja tu.

Basi wale wanaosoma ukurasa huu pamoja, nyumbani au katika jumuiya, twawaachia maswali matatu ya kuzungumza. Katika kijiji chetu, mvua zilipokosa mara ya mwisho, ni watoto gani walioacha shule, na je, wamerudi? Katika nyumba yangu, nani huenda kisimani asubuhi ya siku ya shule? Na paa la shule yetu, maji yake huenda wapi? Watu wakiyajibu kwa ukweli, wataona kwamba jambo lililoonekana kuwa la mawinguni limo mikononi mwao kwa sehemu kubwa. Mvua hatuwezi kuiamuru inyeshe. Nani aache shule isiponyesha, hilo twaliamua sisi, na twaweza kuliamua vingine.